Chenji ya Bomba Hubaki na Nani?

Ukitaja mradi wa maji, picha inayokuja kichwani ni ileile: mheshimiwa na makasi, utepe, mfereji unamwaga maji mbele ya kamera. Kesho yake watu wameshasahau. Leo naongelea kitu ambacho hakuna mtu hupiga picha, yaani pesa zinazobaki bomba likishazikwa. Wewe ukitumwa dukani na mia mbili, unarudisha chenji ama unaulizwa. Sasa bomba la mabilioni, chenji yake inaendaga wapi?

Nimekuwa nikichimba historia ya maji ya huku kwetu, kutoka Sagana kupanda hadi Nyeri mjini, na kila nikisoma narudi palepale. Bomba huishi ama hufa kulingana na mtu anayeshika chenji. Najua bajeti inasikika kama somo la Ijumaa saa nane mchana. Vumilia, kuna mto ndani.

Huku Sagana kila stori huanza na mto. Mto Sagana unatoka Mlima Kenya, unakusanya vijito vya upande wa Nyeri, unapita hapa, na mbele ndio huohuo watu huuita Tana. Wageni hutoka Nairobi wikendi kupanda maboti ya mpira kwenye mawimbi yake. Kituo cha serikali cha kufuga samaki kimekuwa hapa tangu 1948. (Ile Sagana Lodge ambako Elizabeth wa Uingereza alipata habari za kifo cha babake mwaka 1952 haiko hapa mjini. Iko huko juu, karibu na Kiganjo. Kila nikisema hivi lazima kuna mtu atanibishia.)

Mto huu umefanyia wengine kazi muda mrefu. Miaka ya 1930 kituo cha Tana, upande wa Murang'a, kilikuwa tayari kinapelekea Nairobi stima. Halafu yakaja mabwawa ya Seven Forks: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Simu unayosomea hii posti, kuna nafasi nzuri ilichajiwa na maji yaliyopita chini ya daraja letu.

Kwa maji yenyewe ya kunywa, Nairobi ilizaliwa 1899 kama kambi ya reli, na tangu hapo kiu yake imekuwa ikipanda mlima. Bwawa la Sasumua lilikamilika 1956. Ndakaini ikafuata 1994, lita bilioni 70 likijaa. Hiyo pia haikutosha, na 2014 kazi ikaanza ya kuchimba njia ya maji chini ya ardhi ya Murang'a, kilomita 11.8, ile Northern Collector, kuchota sehemu ya maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyamwaga upande wa Ndakaini. Mnakumbuka kelele za 2016, Raila Odinga akisema Murang'a itageuka jangwa, na serikali ikijibu kwamba yanachukuliwa maji ya mafuriko tu. Mwangi wa Iria, akiwa gavana wa Murang'a, yeye alikuwa anadai asilimia 25 ya mapato ya maji yanayouzwa Nairobi. Watu walimcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kati ya wote waliopiga kelele, yeye ndiye aliuliza swali la chenji.

Sasa angalia ramani, hapa ndipo pananiudhi. Mito Thika, Chania na Maragua yote ni watoto wa Tana. Nairobi iko kwenye bonde la Athi. Kwa hiyo maji yakishaingia bomba la Nairobi hayarudi tena kwetu. Yanaoga, yanafua, yanapiga deki, yanaenda kwenye mabwawa makubwa ya maji taka kule Ruai, yanasafishwa kiasi, yanaingia Mto Nairobi, kisha Athi, ambao ukifika chini unaitwa Galana, halafu Sabaki, ukamwagikia baharini karibu na Malindi. Na kabla ya bahari kuna Baricho, visima vya kando ya Sabaki vinavyopelekea Malindi, Kilifi na Mombasa maji. Ukienda holiday Watamu ukafungua mfereji, huenda kuna tone mle lililolala Ndakaini, likaoga mtu Umoja, likapita Ruai, ndio likakufikia.

Yaani Kenya tayari inatumia maji mara ya pili. Tofauti ni kwamba hakuna mtu aliyepanga, hakuna bomba la kazi hiyo, na hakuna mtu aliyewahi kuandikia safari hiyo bajeti.

Windhoek, mji mkuu wa Namibia, walipanga. Mwaka 1968, nchi ikiwa bado chini ya Afrika Kusini, walifungua kiwanda cha Goreangab kinachochukua maji taka ya mji, kuyasafisha hatua baada ya hatua, na kuyarudisha moja kwa moja kwenye bomba la kunywa. Ulikuwa mji wa kwanza duniani kufanya hivyo. Si kwa sababu walikuwa na pesa za kuchezea. Mito yao hukauka sehemu kubwa ya mwaka na hawakuwa na Murang'a ya kuchimba. Mwaka 2002 wakajenga kiwanda kipya cha lita milioni 21 kwa siku, kwa mikopo ya KfW ya Ujerumani na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Siri yao kubwa ni ya kizamani kabisa: maji taka ya viwandani waliyatenga na ya nyumbani, ndio kinachoingia Goreangab kiwe kitu kinachosafishika bila gharama ya wazimu. Ukichanganya kila kitu mwanzoni unalipia mchanganyiko huo milele.

Hiyo "milele" ndiyo sehemu ya gharama ambayo siasa zetu haziipendi. Bomba la maji yaliyosafishwa upya lina bei mbili. Kuna bei ya kulijenga: mitaro, mabomba (dunia imezoea kuyapaka rangi ya zambarau ndio fundi asiyaunganishe na ya kunywa kwa bahati mbaya), matangi, pampu. Halafu kuna bei ya kuliendesha: stima, kemikali, maabara ya kupima kila siku, mita, vipuri, mishahara. Bei ya kwanza hulipwa na mkopo ama Hazina Kuu. Bei ya pili hulipwa na nani? Kule Baricho pampu zimewahi kunyamaza kwa sababu ya deni la stima. Bomba lilikuwepo, maji yalikuwepo, bili ndiyo haikuwa imelipwa.

Turudi kwenye chenji ya ujenzi. Hutokea kwa njia tatu hivi. Moja, mhandisi alikadiria juu na tenda ikashuka. Mbili, kila hesabu ya mjengo huwekewa akiba ya dharura, ile mafundi huita kontijensi, na kama mwamba haukuwa mgumu vile mlidhani, akiba inabaki. Ya tatu wengi hawaifikirii: shilingi. Mkopo ukiwa wa dola na mkandarasi analipwa kwa shilingi, dola ikipanda mradi unajikuta na shilingi za ziada. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, miezi michache baadaye ikarudi kama 130. Mradi mmoja, mkopo uleule, ukubwa tofauti. Usifurahi haraka lakini, kwa sababu siku ya kulipa dola ikiwa juu, wewe na mimi ndio tutatafuta hizo shilingi.

Chenji ikishaonekana, sheria inasema nini? Pesa za bajeti hufa tarehe 30 Juni. Zikiwa hazijatumika, zinarudi kwenye mfuko mkuu, mwaka mpya unaanza na karatasi mpya. Wazo lenyewe si baya, linazuia idara kuficha pesa chini ya godoro. Shida ni kwamba kaunti mara nyingi hupata pesa zao kuchelewa, Mei ama Juni yenyewe, kwa hiyo kuna mbio za mwisho wa mwaka. Umewahi kujiuliza kwa nini barabara za mtaa huchimbwa Juni? Ndio hivyo. Mtu akiona chenji inataka kufa, anainunulia kitu chochote kinachoweza kulipwa kabla ya saa sita usiku.

Pesa za mkopo zina kanuni zao. Tarehe ya kufunga mradi ikifika, kiasi ambacho hakijachotwa hufutwa. Na kabla ya kufutwa, mikopo mingi inakutoza ada kwa pesa ambazo hata hujazigusa, kwa sababu mkopeshaji amekuwekea. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu imelalamikia ada hizi tena na tena, nchi inalipia mikopo iliyolala. Ni kama kulipia kiti cha matatu, matatu ikiwa bado iko steji na wewe uko kwenu unaoga.

Njia ya tatu ya kumaliza chenji ni kuongeza kazi. Sheria ya ununuzi ya 2015 inaruhusu mkataba ubadilishwe, lakini ikaweka ukuta: bei haiongezwi ndani ya miezi 12 ya kwanza, na nyongeza zote zikijumlishwa zisipite asilimia 25 ya bei ya mwanzo. Ukuta mzuri. Nimeona tu kwamba binadamu akijua ukuta uko 25, ataanza kutembea akielekea 25. Bomba likibakisha pesa, wa kwanza kuongea ni mwanasiasa: tulivute mpaka kwa kina nani, kilomita tatu zaidi. Kilomita tatu zinaonekana, zina wapiga kura. Mita haina wapiga kura.

Na hapa ndipo historia ya Nyeri inaingia, kwa maoni yangu stori bora ya pesa ambayo Mlima umewahi kutoa, na shuleni hatukuisikia.

Hadi miaka ya 1990, maji ya baadhi ya miji Kenya yalikuwa idara tu ndani ya baraza la manispaa. Unalipa bili ya maji, pesa inaingia kapu moja na kodi ya soko, leseni za maduka na kila kitu. Kutoka kapu hilo baraza linalipa mishahara, magari, madeni ya zamani. Pampu ikiharibika, idara ya maji inaenda kuomba pesa ambazo ni zake zenyewe. Inaambiwa ngoja. Wananchi wanaona mfereji mkavu, wanaacha kulipa. Kapu linapungua. Unajua huo mduara, hata chama cha ploti huwa hivyo.

Wajerumani kupitia GTZ walikuwa wakifanya kazi na miji kadhaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na jaribio lililotoka hapo lilifanyika Eldoret, Kericho na Nyeri. Maji yatolewe kwenye kapu. Kwanza hesabu zake ziwe kando, halafu iwe kampuni, ikimilikiwa na baraza lakini ikiwa na akaunti yake, bodi yake, na wajibu wa kujilipia. Nyeri ikapata kampuni yake ya maji na maji taka mwishoni mwa miaka ya 1990, miaka kadhaa kabla ya Sheria ya Maji ya 2002 kuisukuma nchi nzima upande huohuo.

Fikiria madiwani wa wakati huo. Unaambiwa pesa za maji, ambazo huingia kila mwezi bila kukosa, hutazigusa tena. Hakukuwa na utepe wa kukata wala bwawa la kuzindua. Ni akaunti ya benki tu ilibadilika. Lakini kuanzia hapo shilingi iliyobaki kwenye maji ilibaki kwenye maji. Ikanunua mita, ikaziba mabomba yanayovuja, ikalipa mtu wa kusoma mita.

Matokeo unaweza kuyasoma kwenye ripoti za WASREB, wale wasimamizi wa kampuni za maji. Kitaifa, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa hayaleti hata shilingi. Yanavuja, yanaibiwa, ama mita imekufa. Nyeri imekuwa ikicheza karibu na 20, mara nyingine chini yake, na karibu kila mwaka iko juu kabisa ya jedwali. Weka hizo namba kwenye stori ya Nairobi na Murang'a. Mji unaopoteza karibu nusu ya maji yake kabla hayajafika kwa mita unachimba kilomita 11.8 za mwamba kutafuta mengine. Kuziba tundu ni kazi ya chenji. Kuchimba mwamba ni kazi ya mkopo. Tulichagua mkopo.

Kuna watu wataniambia: wewe unataka maji yageuzwe biashara, na katiba, kifungu cha 43, inasema maji safi ni haki. Nakubali ni haki. Cucu yangu anavuna maji ya mvua kwa tangi na hajawahi kuona bili, na sitaki aone bili ya kumuumiza. Ndio maana bei hupangwa na kuidhinishwa na WASREB, na ndio maana Sheria ya Maji ya 2016 inasema pesa za huduma ya maji zitumike kwa huduma ya maji. Hiyo ni kinga ya mteja maskini kuliko ya mtu mwingine yeyote. Tajiri maji yakikatika anachimba kisima. Hatari ninayoiona mimi iko kwingine: akaunti ikishatengwa na kunona, bodi nayo inaanza kuona posho. Kutenga pesa bila kuzichapisha hadharani ni kuhamisha kapu tu kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Sasa kwa nini nawasumbua na haya yote? Kwa sababu Sagana inapewa viwanda. Mpango wa kaunti wa maeneo ya viwanda ni ule wa shilingi milioni 500, nusu serikali kuu, nusu kaunti, na Kirinyaga yake imewekwa hapa. Mradi wa kupanua barabara ya Kenol hadi Marua unapita hapahapa. Viwanda vya nyanya, mchele, maziwa na maparachichi vinakunywa maji kuliko mtaa mzima, na vinatema maji machafu vilevile. Mtaro ukielekezwa mtoni, wa kwanza kuyapata ni samaki, halafu Masinga.

Huu ndio wakati wa bomba la zambarau, mapema, kabla ya kiwanda cha kwanza kumwaga. Kiwanda hakihitaji maji ya kunywa kuosha sakafu ama kupoza mashine. Singapore, walipoanza NEWater mwaka 2003, sehemu kubwa ya maji yao yaliyosafishwa upya yalienda viwandani, na sisi hatuhitaji kumshawishi mtu yeyote anywe chochote. Tunahitaji mabomba mawili kwenye mtaro mmoja. Mtaro ukishafukiwa, kuuchimba tena kuweka bomba la pili ndiko kunamaliza pesa.

Na nikipewa dakika mbili mbele ya kamati ya bajeti, sitaongea kuhusu urefu wa bomba. Nitaomba iandikwe ndani ya mkataba kabla ya sahihi kwamba pesa zikibaki, mpangilio ni huu: kwanza mita kwa kila kiwanda, kinachoingia na kinachotoka. Pili vipuri vya miaka miwili, vya valvu na pampu, viwekwe stoo ya kampuni ya maji na si ya mkandarasi. Tatu sola, kwa sababu pesa za ujenzi mara nyingi haziruhusiwi kulipa bili ya stima lakini zinaweza kununua kitu cha kuipunguza. Kuvuta bomba mbele kuje mwisho kabisa, kama kuna kitu. Kisha mauzo ya hayo maji yaende akaunti ya maji, na taarifa yake ibandikwe kila robo mwaka pale chifu hubandika matangazo ya vitambulisho, mahali mama mboga anaweza kuisoma akienda soko.

Karatasi ya mikakati ya fedha ya kaunti hufika bungeni kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti yanafuata kufikia 30 Aprili, na katikati hapo sheria inawalazimu watuite tutoe maoni. Vikao hivyo vya maoni nimehudhuria. Huwa na soda, viti vya plastiki, wazee wengi na vijana wachache sana. Cha mwaka huu nitaenda na karatasi moja tu, yenye hayo mambo ya mita, vipuri na sola. Mwenye anatoka Kagio, Baricho yetu ya hapa Ndia (si ile ya Sabaki), Kiburu ama hapa stesheni, aniandikie tupange matatu moja.